Mamilioni ya Juri na Kidole cha Mgonjwa

Mwanzoni mwa Julai 2019, juri la mjini Baltimore, jimbo la Maryland nchini Marekani, lilitaja fidia ya zaidi ya dola milioni 229 katika kesi ya uzembe wa kitabibu. Mtoto aliyeombewa fidia hiyo alizaliwa mwaka 2014, mimba ikiwa na wiki 25 tu. Mama yake alikuwa msichana wa miaka 16, na presha ya mimba ilikuwa imempanda vibaya. Familia ilidai kwamba madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins Bayview walimkatisha tamaa mama huyo, wakamwambia mtoto angekufa au angezaliwa na ubongo ulioharibika, na kwa maneno hayo akakataa upasuaji. Mtoto hakufa. Alizaliwa akiwa ameumia ubongo, na atahitaji kutunzwa maisha yake yote.

Hospitali ilikata rufaa. Februari 2021 majaji wa rufaa wa jimbo hilo waliifuta hukumu nzima, wakisema ushahidi uliotolewa haukutosha kuthibitisha kwamba madaktari walikosea. Zile milioni 229 zikawa sifuri.

Habari ya kwanza ilizunguka dunia. Habari ya pili ilisomwa na wachache. Ndivyo ilivyo karibu kila mara: mtu yuko kwenye daladala Dar es Salaam au matatu Nairobi, anasoma kwenye simu kwamba mgonjwa wa Marekani amepewa mamilioni kwa kosa la daktari, anaituma kwenye kundi la familia, na mazungumzo yanaishia kwenye mshangao. Fedha hizo zimepatikana kwa hesabu gani, nani kazipanga, ngapi zimefika mkononi mwa mgonjwa, hayo hayasafiri na kichwa cha habari. Nayo ndiyo yenye uzito.

Kwanza, juri lenyewe. Msomaji wa Tanzania anawajua wazee wa baraza, ambao kwa miaka mingi waliketi pamoja na jaji wa Mahakama Kuu katika kesi za mauaji. Wazee walitoa maoni, na jaji alikuwa huru kuyakataa. Kenya ya kikoloni ilikuwa na juri kamili, lakini kwa washtakiwa Wazungu peke yao. Marekani ni habari nyingine. Marekebisho ya Saba ya Katiba yao, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya kusikilizwa na juri hata katika kesi za madai, na majimbo yana vifungu vyake vya namna hiyo. Raia wa kawaida, sita hadi kumi na wawili kutegemea jimbo, wanaitwa kwa barua kutoka orodha za wapiga kura na za wenye leseni za udereva. Mwalimu, fundi bomba, mhudumu wa duka, mstaafu. Mtu wa Kigoma au wa Bujumbura aliyehamia huko na kuapa uraia anaweza kuikuta barua hiyo kwenye sanduku lake la posta. Hawa ndio wanaoamua kama daktari alikosea na mgonjwa alipwe kiasi gani. Jaji anasimamia sheria, na hesabu ni yao.

Kesi za aina hii ni za kale kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1794, huko Connecticut, mume mmoja alimshtaki daktari aliyemkata mkewe titi. Mke alifariki saa chache baada ya upasuaji. Enzi hizo hakukuwa na dawa ya usingizi. Juri lilimpa mume huyo pauni 40.

Kutoka pauni 40 hadi mamilioni ya dola ni safari ndefu, lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo inaelezeka kwa kalamu na karatasi. Chukua mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa akapata mtindio wa ubongo mkali: hawezi kukaa, hawezi kumeza, hawezi kusema. Zamani mtoto wa namna hiyo hakuishi muda mrefu. Leo, kwa mpira wa kulishia unaopita tumboni, mashine ya kufyonza makohozi na dawa za degedege, anaweza kuishi miaka mingi. Wakili wa familia analeta mtaalamu anayeandaa mpango wa matunzo ya maisha. Ni jedwali refu lisilo na huruma: kiti cha magurudumu kinachobadilishwa kila baada ya miaka kadhaa kadiri mtoto anavyokua, kitanda cha kuinuka, gari lenye lifti, nepi kwa mwezi, nepi kwa mwaka, mazoezi ya viungo, upasuaji wa uti wa mgongo unaotarajiwa akifika balehe. Halafu linakuja lile linalomeza yote, yaani muuguzi wa usiku na mchana.

Hesabu ya mfano inatosha kuonyesha. Muuguzi akilipwa dola 30 kwa saa, saa 24 ni dola 720 kwa siku. Mwaka mzima ni dola 262,800. Kwa miaka 50 zinafika dola 13,140,000, na hapo hakuna aliyemnunulia mtoto hata kidonge kimoja. Ongeza gharama za tiba zinazopanda kila mwaka, ongeza mshahara ambao mtoto huyo angeupata akiwa mtu mzima, na juri linajikuta na makumi ya mamilioni kabla halijafika kwenye neno maumivu.

Upande wa hospitali nao unaleta wataalamu wake. Mchumi anaeleza kwamba fedha ikilipwa leo na kuwekezwa itazaa, kwa hiyo kiasi cha leo kipunguzwe. Hoja hiyo ni ya haki. Kisha anasimama daktari kuwaambia wajumbe wa juri kwamba mtoto huyu, kwa hali yake, hatafika miaka 50. Pengine atafika 20. Kila mwaka unaotolewa kwenye umri wake ni robo milioni ya dola inayotolewa kwenye fidia. Wazazi wako pale pale, mstari wa mbele, wakisikiliza watu wazima wakibishana kwa heshima na kwa takwimu ni lini mtoto wao atakufa. Anayeona fidia hizi kama bahati nasibu angekaa nao siku hiyo moja.

Baada ya gharama zinazohesabika linakuja fungu la pili, la maumivu na mateso: usingizi uliopotea, aibu ya kuogeshwa na mtu mwingine, mume aliyebaki bila mke, mama asiyeweza kumbeba mwanawe. Hapa hakuna jedwali. Jaji anawaambia wajumbe watumie busara zao na kwamba sheria haina kipimo cha kuwapa. Wanaingia chumbani na fomu yenye maswali na mistari mitupu: je, mlalamikiwa alikuwa mzembe, ndiyo au hapana; je, uzembe huo ndio uliosababisha madhara, ndiyo au hapana; dola ngapi kwa maumivu yaliyopita, dola ngapi kwa yajayo. Kuna fungu la tatu pia, fidia ya adhabu, lakini katika kesi za madaktari hutolewa kwa nadra mno, pale mtu alipofanya jambo kwa makusudi au kwa kutojali kabisa.

Wamarekani wana jina kwa fidia zinazopita dola milioni 10. Huziita hukumu za nyuklia. Jina hilo lina chuki ndani yake na linapendwa na makampuni ya bima, kwa sababu linampa msikilizaji picha ya kundi la watu wasiosoma, waliojaa hasira, wakimlipua daktari asiye na kosa. Waliofanya kazi ya kuyachunguza majuri hawakuikuta picha hiyo. Neil Vidmar, profesa wa Chuo Kikuu cha Duke, alitumia miaka mingi kwenye kesi hizi na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya uzembe wa kitabibu na juri la Marekani. Alichokiona ni watu wanaomshuku zaidi mlalamikaji kuliko daktari. Kesi nyingi zinaishia kwa makubaliano au zinatupwa kabla ya kusikilizwa, na katika chache zinazofika mbele ya juri, madaktari hushinda nyingi kuliko wanazoshindwa.

Na hata mgonjwa akishinda, safari ndiyo imeanza. Jaji akiona kiasi kimezidi mno anaweza kumwambia mlalamikaji achague: akubali pungufu au kesi ianze upya. Ipo rufaa. Upo ukomo wa bima, kwani daktari mmoja mmoja huwa na bima ya dola milioni moja hivi kwa kila dai, na mawakili wachache sana hukubali kumfuata mpaka kwenye nyumba yake. Wakati mwingine pande mbili huwa zimeshafunga mkataba kimyakimya kabla ya hukumu, kwamba juri liseme litakalosema, malipo hayatashuka chini ya kiasi fulani wala kuvuka kingine. Watafiti wa Texas waliofuatilia kesi za mwaka 1988 hadi 2003 walikuta kwamba washindi watatu kati ya wanne walipokea pungufu ya walichopewa na juri, na kwamba kadiri hukumu ilivyokuwa kubwa ndivyo ilivyokatwa zaidi. Kikishapatikana kilichopatikana, wakili anachukua theluthi au zaidi, kwa sababu alifanya kazi miaka mitatu au minne bila malipo akingoja kushinda. Madaktari waliokuja kutoa ushahidi wanalipwa. Bima ya afya iliyomtibu mgonjwa inadai irudishiwe chake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ambapo madaktari walipitia mafaili 1,452 ya madai yaliyofungwa, ulikuta kwamba kwa kila dola iliyolipwa kama fidia, senti 54 zilitumika kwa mawakili, mashahidi wa kitaalamu, mahakama na uendeshaji. Ni mfumo unaokula nusu ya chakula njiani kabla ya kumfikia mwenye njaa, na hilo ni tatizo kubwa kuliko hukumu yoyote iliyowahi kuandikwa gazetini.

Wenye madai hayo, hata hivyo, ni wale waliofika mpaka kudai. Miaka ya 1980 watafiti wa Harvard walisoma rekodi zaidi ya 30,000 za wagonjwa waliolazwa katika hospitali 51 za jimbo la New York mwaka 1984. Walikuta kwamba wagonjwa 3.7 kati ya kila 100 walidhuriwa na tiba yenyewe, na zaidi ya robo ya madhara hayo yalitokana na uzembe. Kisha wakalinganisha na orodha za madai. Kati ya waliodhuriwa kwa uzembe, waliodai hawakufika asilimia 2. Wengine hawakujua. Wengine waliambiwa ni mapenzi ya Mungu, au walizika na kunyamaza. Nchi inayosifika duniani kwa kushtakiana iliwaacha wagonjwa hao waende nyumbani mikono mitupu.

Sasa, kwa nini majimbo mengi yaliamua kuweka ukomo wa fidia? Hadithi inaanzia California mwaka 1975. Makampuni ya bima yalipandisha ada ghafla, mengine yakajitoa sokoni. Mwezi Mei mwaka huo madaktari wa usingizi wa eneo la San Francisco waligoma kushiriki upasuaji usio wa dharura, na bila wao vyumba vya upasuaji vilikaa vitupu. Gavana Jerry Brown aliita kikao maalumu cha bunge, na sheria iliyotoka iliweka ukomo wa dola 250,000 kwa fungu la maumivu na mateso. Gharama za matibabu na mshahara uliopotea hazikuguswa.

Wabunge hawakuweka kipengele cha kuongeza kiasi hicho kadiri bei zinavyopanda. Kikakaa palepale kwa miaka 47, huku mkate, kodi ya nyumba na mshahara wa daktari vikipanda. Kufikia mwaka 2022, dola 250,000 za mwaka 1975 zilipaswa kuwa zaidi ya milioni 1.3. Ndipo madaktari, mawakili na wagonjwa walipokubaliana, na tangu Januari 2023 ukomo ukapanda hadi dola 350,000 kwa aliyejeruhiwa na 500,000 kwa aliyefariki, uendelee kupanda kidogo kidogo kwa miaka kumi.

Ukomo wa namna hii unaonekana wa haki ukiusoma haraka. Ukiusoma polepole unaona umemlenga nani. Meneja wa benki akidhuriwa, mshahara wake uliopotea unahesabika na haukatwi. Mama wa nyumbani hana hati ya mshahara. Mzee aliyestaafu hana. Mtoto aliyefariki hana. Kwa hawa, karibu kila walichopoteza kimo ndani ya fungu la maumivu, na ndilo linalokatwa. Mawakili wa California na Texas walipoona hivyo walianza kuzikataa kesi zao, kwa sababu kumlipa mtaalamu mmoja wa ushahidi kunaweza kumaliza kila kitakachopatikana. Texas iliweka ukomo wake mwaka 2003, baada ya kura ya wananchi iliyopita kwa tofauti ndogo. Madai yalipungua sana na ada za bima zikashuka. Gharama za matibabu kwa mwananchi, ambazo aliahidiwa zingeshuka pia, hazikuonyesha kushuka huko watafiti walipozichunguza.

Mahakama za baadhi ya majimbo zilikataa ukomo huo. Kesi ya Florida inastahili kusimuliwa. Mwaka 2007 mwanamke mmoja alikwenda kufanyiwa upasuaji mdogo wa kifundo cha mkono, wa kwenda na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Alipokuwa akilazwa usingizi, mpira ulioingizwa kooni ulitoboa umio wake. Hakuna aliyeona. Alipozinduka alilalamika maumivu makali ya kifua na mgongo, akapewa dawa ya maumivu ya kifua, akaruhusiwa. Kesho yake jirani alipita kumjulia hali, akamkuta hajitambui. Upasuaji wa dharura ulimwokoa, lakini alikaa wiki kadhaa katika usingizi wa dawa. Mtu alikwenda kwa ajili ya mkono.

Juri lilimpa zaidi ya dola milioni 4.7, milioni 4 kati ya hizo kwa maumivu. Sheria ya jimbo iliyopitishwa mwaka 2003 ikakata karibu milioni 2. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Florida, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, iliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha katiba ya jimbo, kwa hoja nyepesi kueleweka: aliyeumia kidogo analipwa chake chote, aliyeumia kupita kiasi anakatwa, na mzigo wa kupunguza ada za bima anabebeshwa yule aliyeharibika zaidi. Mahakama za Georgia na Illinois zilikuwa zimefuta sheria za aina hiyo mwaka 2010, kila moja kwa sababu zake.

Madaktari nao wana la kusema, na si haki kulipita. Kwa mujibu wa utafiti uliotoka mwaka 2011, kila mwaka daktari mmoja kati ya kumi na watatu au kumi na wanne hivi Marekani anafunguliwa dai, na kwa wapasuaji wa ubongo ni karibu mmoja kati ya watano. Wengi wa wanaodaiwa hawalipi chochote mwishoni, lakini miaka ya kungoja inawatafuna. Wanaagiza vipimo visivyohitajika ili faili lionekane zuri. Wakunga na madaktari wa uzazi wanahama sehemu za vijijini. Huko Iowa, mwaka 2022, juri lilitaja dola milioni 97.4 kwa mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa, na kliniki ya uzazi iliyoshindwa ikalazimika kuomba ulinzi wa kufilisika. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaweka ukomo. Baadaye Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua hukumu na kuagiza kesi isikilizwe upya kwa sababu ya ushahidi uliopokewa isivyostahili. Kwa hiyo kliniki ilikwenda kuomba ulinzi kwa ajili ya hukumu ambayo haikusimama, na mtoto akabaki bila jibu. Haki iliyoje hiyo, kwa upande wowote?

Swali linalobaki ni kama vurugu zote hizi zimewahi kumponya mtu ambaye bado hajaumia. Zimewahi, katika fani moja hasa, nayo ni ile ya wale madaktari wa usingizi waliogoma mwaka 1975.

Dawa ya usingizi ilikuwa jambo la kuogopwa. Aprili 1982 televisheni ya ABC ilirusha kipindi kilichowaambia Wamarekani kwamba watu 6,000 kwa mwaka wangekufa au kuumia ubongo kwa makosa ya usingizi. Madaktari wa fani hiyo walikuwa wanalipa ada za bima za juu kuliko karibu wenzao wote. Wangeweza kuendelea kupigania ukomo wa fidia peke yake. Ellison Pierce, aliyekuwa kiongozi wa chama chao, alichagua njia nyingine. Mwaka 1985 ilianzishwa taasisi ya usalama wa mgonjwa aliyelazwa usingizi, na miaka hiyohiyo wataalamu wa chama walianza kwenda kwenye makampuni ya bima kusoma mafaili ya madai yaliyokwisha kufungwa, moja baada ya jingine.

Mafaili yaliyokuwa yamefungwa kwa aibu yakawa darasa. Kilichojirudia humo kilikuwa hewa. Mpira wa kupumulia umeingia kwenye umio badala ya kwenye koo la hewa. Mashine imechomoka na hakuna aliyegundua. Mgonjwa amelala, kifua hakionekani chini ya shuka, daktari anatazama rangi ya kucha na kusikiliza, na rangi ya kucha inapobadilika dakika zimeshapita. Wasomaji wa mafaili waliona kwamba mengi kati ya maafa hayo yangezuilika kama kungekuwa na chombo cha kupiga kelele mapema.

Chombo hicho kilikuwepo. Mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alikuwa ameshagundua katika miaka ya 1970 jinsi ya kupima oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga mwilini. Wengi wetu tulikifahamu kidude hicho wakati wa Uviko: unabana kidole, taa nyekundu inawaka, namba inatokea. Kuanzia mwaka 1986 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kiliweka viwango vya kumfuatilia mgonjwa dakika kwa dakika, na miaka michache baadaye kipimo cha kidole kikawa cha lazima. Ripoti ya mwaka 1999 ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kwamba vifo vilivyotokana na usingizi vilishuka kutoka viwili katika kila wagonjwa 10,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi kimoja katika 200,000 au 300,000. Ada za bima za madaktari hao zikashuka pia, kwa sababu wagonjwa waliacha kuumia.

Kesi iliyoisha kwa hukumu ndogo nayo inaweza kubeba mengi. Libby Zion, binti wa miaka 18, alifariki New York mwaka 1984 akiwa mikononi mwa madaktari vijana waliokuwa kazini saa nyingi mfululizo. Baba yake, mwandishi wa habari, hakunyamaza. Juri la mwaka 1995 liligawa lawama nusu kwa nusu na familia ikaambulia dola 375,000. Lakini jimbo lilikuwa tayari, tangu mwaka 1989, limepiga marufuku daktari mwanafunzi kufanya kazi zaidi ya saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 kanuni hiyo ikaenea nchi nzima.

Kipimo cha kidole kilivuka bahari. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha ya usalama wa upasuaji, kazi iliyoongozwa na daktari mpasuaji Atul Gawande, lilikiweka ndani yake: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, mtu aulize kwa sauti kama kipimo kimefungwa na kinafanya kazi. Orodha ina mambo 19 na haizidi ukurasa mmoja. Ilijaribiwa kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 katika hospitali za miji minane: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland, na wa nane ulikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Kwa ujumla wa hospitali hizo, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Swali la kwanza kabisa kwenye orodha hiyo si la kipimo. Mgonjwa, akiwa bado macho, anaulizwa ataje jina lake, sehemu itakayopasuliwa na upasuaji wenyewe. Novemba 2007, jaribio hilo likiwa limekwisha kuanza, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Mmoja alikuja na goti, akapasuliwa kichwa. Mwingine alikuja na kichwa, akapasuliwa goti.